Hukumu ya Malezi Haijui Zamu
Mzazi anapodaiwa kuvunja amri ya mahakama juu ya mtoto



Mjumbe yeyote wa wafanyakazi, awe katika chai ya Shagasha, katika saruji ya Bugarama au katika mpunga wa bondeni, analifahamu lalamiko hili ijapokuwa halihusu mshahara. Mwenzetu anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hukumu ninayo, lakini mama wa mtoto hanipi mtoto." Au anakuja mama: "Alimchukua Jumamosi, leo ni Jumatano, simu haipokei." Na wote wawili humalizia kwa swali lile lile: Je, huyu mtu hafungwi?

Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini jibu lake si fupi, na wengi waliotaka jibu la haraka wamejiponza. Mtu aliyekuwa na hukumu mkononi anakwenda usiku na kaka zake wawili kumchukua mtoto kwa nguvu, mlango unavunjika, majirani wanaita polisi, na asubuhi yake mwenye haki ndiye anayehojiwa. Kwa hiyo inafaa tueleze jambo hili taratibu: hukumu ya malezi ni kitu gani, kuivunja ni kufanya nini hasa, na mzazi afuate njia ipi asije akaharibu haki yake mwenyewe.

KWANZA, JE, HUKUMU IKO?

Baadhi yetu husema "hukumu" wakati hakuna hukumu. Wazee wa pande mbili walikaa, wakakubaliana mtoto abaki kwa bibi yake Nkanka na baba atoe kitu kidogo kila mwezi. Hayo ni mapatano mema, na tungependa yawe mengi zaidi. Lakini si amri ya jaji, na asiyeyafuata hawezi kushitakiwa kwamba amevunja amri ya mahakama. Ni hivyo hivyo kwa Waislamu wenzetu wa Kamembe na Bugarama. Talaka iliyotolewa msikitini ina uzito wake katika dini, lakini Rwanda haina mahakama ya kadhi, na talaka hiyo peke yake haimpi mama wala baba amri juu ya mtoto ambayo dola itaisimamia.

Kuna na wale walioishi pamoja miaka kumi bila kufunga ndoa mbele ya ofisi ya serikali. Hawana ndoa ya kuvunja, lakini wana watoto, na juu ya watoto jaji anaweza kuombwa kuamua. Hapo swali la mwanzo huwa moja: je, baba alimwandikisha mtoto na kumkubali kuwa wake? Baba ambaye jina lake haliko katika kitabu cha serikali aanze kwa kutengeneza jambo hilo kabla hajasema amenyimwa mtoto.

Kwa wilaya yetu, shauri la namna hii huanzia katika Urukiko rw'Ibanze, kama ule wa Kamembe, na rufani hupelekwa katika Urukiko Rwisumbuye rwa Rusizi. Kamati za abunzi hufanya kazi kubwa ya kupatanisha majirani, lakini haziwezi kutoa talaka wala kutengua alichoamua jaji. Mzazi anayesema "abunzi wamenibadilishia siku za kumwona mtoto" ajue kwamba hukumu bado ni ile ile.

HUKUMU INASEMA NINI?

Ukweli ni kwamba wengi wenye hukumu hawajaisoma. Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu 2017, lakini hukumu zetu huandikwa kwa Kinyarwanda, tena Kinyarwanda cha mahakama, na mwenzetu aliyekulia Uvira au Bukavu husikia tu alichoambiwa na shemeji. Shemeji naye alisikia alichotaka kusikia. Tafuta mtu asiye na upande akusomee. Hasa akusomee sehemu ya mwisho, mahali jaji anapoandika anachoamuru, kwa sababu kurasa za juu zinasimulia madai ya kila mmoja, na madai ya mke au ya mume si amri.

Humo utafute mtoto anaishi na nani. Mzazi mwingine anamwona lini na wapi. Indezo ni kiasi gani, inalipwa tarehe ngapi na kwa njia gani. Na kama kuna lolote juu ya shule, matibabu au safari.

Tukae kidogo hapo kwenye "lini na wapi", maana ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Hukumu moja yaweza kusema: baba atakuwa na haki ya kumtembelea mtoto. Basi. Nyingine yaweza kusema: baba atamchukua mtoto Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi saa tatu asubuhi nyumbani kwa mama, na atamrudisha Jumapili saa kumi alasiri mahali pale pale. Ya kwanza inapendeza kusikia, lakini ni vigumu mno kuivunja, na kwa sababu hiyo ni vigumu mno kuitetea. Mama akisema "leo hapana, njoo wiki ijayo", amevunja nini? Hakuna siku iliyoandikwa. Ya pili ni kali kidogo, lakini mtu akiikiuka, kila mtu anaona. Kwa hiyo ukiwa bado mbele ya jaji, usione haya kuomba siku, saa na mahali viandikwe. Sisi tunaoishi kwa kengele ya kiwanda tunajua tofauti ya "asubuhi" na "saa moja kamili".

Zamani katika nchi yetu jambo hili halikuwa na maneno mengi. Baba aliyetoa inkwano alihesabu watoto kuwa wa ukoo wake, na mama akiondoka aliondoka mikono mitupu. Sheria iliyoandikwa ilibadilisha mambo pole pole: kitabu cha sheria ya watu na familia cha Oktoba 1988, kisha Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1991, kisha sheria ya mtoto ya 2011 iliyosema mtoto wa chini ya miaka sita akae na mama yake isipokuwa kama maslahi yake yamo hatarini. Ikaja sheria ya watu na familia ya 2016, na mahali pake ikashika sheria namba 71 ya tarehe 26 Juni 2024. Katika mabadiliko hayo yote kipimo kimekuwa kikihama kutoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto mwenyewe. Jaji haulizi tena nani alitoa ng'ombe. Anauliza mtoto atakaa vizuri wapi. Mzazi anayefika mahakamani na hoja za ukoo tu anapoteza wakati wake.

DAI SI KOSA

Sasa tuje kwenye kuvunja. Mtu akisema mwenzake amevunja amri, hilo ni dai, na dai ni mlango tu wa kuingilia. Ndani ya mlango huo kuna maswali matatu. Je, kulikuwa na amri iliyo wazi na mwenzako aliijua? Je, kweli hakuifuata? Na kama hakuifuata, alikuwa na sababu inayoeleweka? Nchi nyingine zimeyaandika maswali haya waziwazi. Sheria ya familia ya Australia ya 1975, kwa mfano, inatambua kwamba mzazi anayedaiwa kuvunja amri anaweza kuonyesha alikuwa na sababu ya haki, na akiionyesha haadhibiwi. Ufaransa wana ukali wao: kukataa kumtoa mtoto kwa mwenye haki ya kumpokea ni kosa la jinai linaloweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 15,000. Lakini hata huko mshitakiwa husikilizwa kwanza.

Sababu za haki ni zipi? Mtoto ameshikwa na malaria, yuko kitandani Gihundwe au Mibilizi na karatasi ya daktari ipo. Mvua imebomoa barabara. Mzazi amebakishwa kazini ghafla na alituma habari mapema. Haya hutokea kwa binadamu. Lakini sababu hiyo hiyo ikirudi kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu kwa miezi minne, inaacha kuwa sababu.

Kuna sababu moja ambayo ni ngumu kuliko zote: "Mtoto mwenyewe hataki kwenda." Mara nyingine ni kweli. Mtoto wa miaka 14 ana akili yake, ana marafiki, anaona aibu kulala katika chumba kimoja na mke mpya wa baba. Lakini mtoto wa miaka minne hataki hata kuoga, na bado tunamwogesha. Mzazi anayeishi na mtoto ana wajibu wa kumtayarisha, kumvalisha, kumwambia maneno mema juu ya huko aendako. Akikaa kimya jikoni na kusema "mwulizeni mwenyewe", huku mtoto anasoma uso wa mama yake, au wa baba yake, hapo mtoto amebebeshwa mzigo wa watu wazima. Majaji wamekwisha kulizoea jambo hili, wala tusidhani hawalioni.

Na kuna sababu isiyopaswa kungoja hata siku moja. Ikiwa mtoto amerudi na alama za kipigo, au amesema jambo linaloonyesha amechezewa mwili wake, usimpeleke tena kana kwamba hakuna kitu, lakini pia usimfiche ukanyamaza. Nenda siku hiyo hiyo RIB au kwenye kituo cha Isange katika hospitali ya wilaya. Mzazi anayezuia mtoto kwa sababu ya hatari na kutoa taarifa saa ile ile anasikilizwa. Anayezuia miezi mitatu, asimwambie mtu yeyote, kisha akaitaja hatari hiyo mara ya kwanza mbele ya jaji, ataulizwa maswali magumu, na ni haki aulizwe.

INDEZO NA KUMWONA MTOTO

Hapa ndipo wafanyakazi wengi hukosea, wanaume kwa wanawake, na inatupasa tuseme bila kuzungukazunguka. Baba anasema: "Hanionyeshi mtoto, kwa hiyo mwezi huu silipi indezo." Mama anasema: "Hajalipa indezo, kwa hiyo Jumamosi hamwoni mtoto." Kila mmoja anajiona ametumia haki yake. Hakuna haki hapo. Wote wawili sasa wamevunja hukumu.

Indezo si nauli ya kwenda kumwona mtoto. Ni chakula, daftari na mituweli ya mtoto, na tumbo la mtoto halijui kama wazazi wamekosana. Vivyo hivyo kuonana na baba si zawadi ambayo mama anaigawa kwa aliyelipa. Amri hizi mbili zimeandikwa katika karatasi moja, lakini kila moja inasimama kwa miguu yake. Uvunjaji wa mwenzako haukufungulii wewe kuvunja. Mbele ya jaji mtu aliyelipa kila mwezi huku ananyimwa mtoto ana nguvu ya ajabu. Mtu aliyeacha kulipa akijaribu kulalamika, swali la kwanza analoulizwa ni la pesa, na lalamiko lake linakufa hapo hapo.

Kama mshahara umepungua kweli, labda umesimamishwa kazi au umeumia mguu, usijipunguzie indezo mwenyewe. Rudi mahakamani uombe kiasi kibadilishwe, ukiwa na karatasi za kazi na za hospitali. Hukumu ya malezi si kama hukumu ya shamba iliyokwisha kupimwa na kuwekewa mipaka. Maisha ya mtoto na ya wazazi yakibadilika, jaji anaweza kuombwa aitazame upya.

HUKUMU HAIJUI ZAMU

Tuchukue mfano. Tuseme baba anafanya kazi kwenye tanuri la saruji. Tanuri halilali, kwa hiyo watu wanapokezana asubuhi, alasiri na usiku. Hukumu inasema Jumamosi saa tatu asubuhi. Wiki aliyoshika zamu ya usiku anatoka kazini alfajiri na anafika kwa mama wa mtoto amechoka, macho mekundu. Wiki ya zamu ya asubuhi hawezi kufika kabisa. Anatuma mdogo wake. Mama anakataa kumkabidhi mtoto kwa kijana ambaye jina lake haliko katika hukumu. Baba anatangaza kazini kwamba amenyimwa mtoto.

Nani amevunja amri? Mama yuko karibu zaidi na haki yake, maana hukumu ilimtaja baba, haikumtaja mdogo wake. Lakini baba naye hakuikimbia amri kwa ubaya. Kazi imemzuia. Kosa lake ni kwamba aliinyamazia ratiba yake mbele ya jaji, akakubali siku ambayo aliijua haiwezekani, labda kwa hofu, labda kwa kutaka shauri liishe. Jaji hajui zamu za kiwanda. Hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana tunasema mfanyakazi wa zamu, na mchuma chai ambaye siku za mvua nyingi majani hayamsubiri, alete ratiba yake ya kazi mahakamani kama anavyoleta cheti cha ndoa. Aombe siku zinazofuata zamu: kwa mfano, mapumziko ya kwanza baada ya zamu ya usiku, na taarifa itolewe siku tatu kabla. Aombe jina la mtu wa pili anayeweza kumpokea mtoto liandikwe. Kama hukumu imekwisha kutoka na haifai, akubaliane na mwenzake kwa maandishi, wote watie sahihi, na makubaliano hayo yapelekwe kwa jaji yakubaliwe. Karatasi ya pembeni inasaidia kuonyesha nia njema, lakini siku mkigombana, hukumu ndiyo itakayosomwa.

Kwa upande wa kazi, mwenye hukumu anaweza kumwonyesha mjumbe wa wafanyakazi ukurasa wa siku za mtoto, bila kulazimika kuonyesha siri za ndoa yake. Mabadilishano ya zamu kati ya wenzi wawili wa kazi hufanyika kila siku kwa sababu za harusi na misiba. Hatuoni kwa nini yasifanyike kwa ajili ya mtoto. Na ratiba inayobandikwa ukutani Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumamosi ni jambo ambalo chama kina haki ya kulizungumza na mwajiri, hata kama halina mtoto ndani yake.

KUSHIKA USHAHIDI

Mahakama haiwezi kuona kilichotokea mlangoni pa mtu. Inaona kinacholetwa. Nunua daftari la shule la bei ndogo. Andika tarehe, saa uliyofika, nani alikuwepo, ulijibiwa nini. Andika siku ile ile, si baada ya miezi miwili ukiwa na hasira. Indezo ilipwe kwa simu, maana pesa ya simu huacha alama; ukilipa mkononi, omba sahihi. Usifute ujumbe wa simu, hata ule wako mwenyewe ulioandika kwa ukali, kwa sababu mwenzako hajaufuta.

Kila umudugudu una Inshuti z'Umuryango, mwanamume na mwanamke waliochaguliwa kusaidia familia na kulinda watoto. Ukimwomba mmoja wao afuatane nawe siku ya kumchukua mtoto, unapata mambo mawili kwa mara moja: mara nyingi mlango hufunguliwa, na usipofunguliwa una shahidi ambaye si ndugu yako. Usimpeleke mtoto mwenyewe kuwa shahidi wa kila kitu. Usimfundishe maneno wala usimrekodi akilia. Kanda za namna hiyo mara nyingi humwumiza aliyezileta.

NJIA YA KUFUATA

Hukumu ikishatolewa kuna muda wa kukata rufani, siku 30. Hukumu ikishakuwa ya mwisho, huombewa kashe mpuruza, yaani muhuri unaowaamuru wenye mamlaka waitekeleze. Karatasi isiyo na muhuri huo ni habari tu. Ikiwa nao, inapelekwa kwa umuhesha w'inkiko. Kuna wa kitaaluma, anayelipwa na aliyemwita, na kuna viongozi wa serikali za mitaa, kama katibu mtendaji wa akagari au wa umurenge, ambao sheria imewapa kazi hiyo pamoja na nyingine zao.

Lakini tuseme wazi: katika kudai ng'ombe au shamba, mtekelezaji anajua la kufanya. Anafika, anahesabu, anakabidhi. Mtoto si ng'ombe. Hakamatwi kamba akavutwa mbele ya majirani huku analia. Mtekelezaji mwenye busara atamwita mzazi, atampa siku, atamweleza kwamba anayezuia hukumu kwa makusudi anaweza kufikishwa mbele ya mwendesha mashitaka, na atawaomba Inshuti z'Umuryango wawepo. Hilo huchukua muda, na mzazi anayengoja huona kama kila mtu amelala. Subira hapo si woga. Kumnyakua mtoto njiani akitoka shule kunakufanya wewe uwe mvunjaji wa pili.

Mambo yakikwama, unarudi kwa jaji. Unaweza kuomba siku zilizopotea zilipwe kwa siku nyingine, kwa mfano wiki moja ya likizo ndefu. Unaweza kuomba siku na saa ziandikwe wazi zaidi. Kwa mzazi anayekataa kabisa, mwaka baada ya mwaka, jaji anaweza hata kuombwa amhamishie mtoto kwa mzazi mwingine, lakini hilo haliwi adhabu ya mzazi. Kama kumhamisha kutamwumiza mtoto, halifanyiki, hata mzazi awe mkaidi namna gani. Na likiwa jambo la haraka, kama mtoto yu karibu kuondolewa nchini, kuna ombi la dharura linalosikilizwa mapema kuliko shauri la kawaida.

Siku hizi mashauri huingizwa kwa kompyuta, na hilo limewatisha wazee wengi. Wasiogope. Kila wilaya ina ofisi ya MAJ ya Wizara ya Sheria, ambako mtu hupata ushauri wa sheria bila malipo na msaada wa kuandika ombi lake. Asiye na uwezo wa kulipa ada ya mahakama aombe kwanza cheti cha kutojiweza kwa viongozi wa mtaa wake.

DARAJANI

Kwetu Rusizi kuna jambo ambalo mtu wa Huye au wa Kigali halifikirii sana: nchi nyingine iko ng'ambo ya daraja. Wengi wetu tuna shangazi Bukavu, tumeoa Bukavu, au mama wa watoto wetu anauza sokoni Bukavu. Watu wazima huvuka Rusizi ya Kwanza na ya Pili kwa kibali kidogo cha majirani. Mtoto anaweza kulala kwa nyanya yake Kadutu leo na kesho asirudi.

Hukumu ya Kamembe inakomea darajani. Kongo ina kitabu chake cha sheria ya familia, cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa 2016, na hukumu ya nje haitekelezwi huko mpaka mahakama ya Kongo iikubali kwanza. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 wa kuwarudisha watoto waliovushwa mipaka na mzazi mmoja, lakini hufanya kazi tu pale nchi zote mbili zimo ndani yake. Burundi imo tangu 1999, Kongo haimo. Kwa hiyo anayemfuata mtoto Bukavu hana njia hiyo. Anabaki na mahakama za huko, na tangu vita vilipofika Bukavu mwezi Februari 2025 mahakama hizo zimevurugika.

Basi kinga ni bora. Ukiwa na hofu ya kweli, omba mapema hukumu iseme kwamba mtoto asivushwe mpaka bila ruhusa ya maandishi ya mzazi mwingine, na nakala ya hukumu hiyo ipelekwe kwa uhamiaji. Kwa upande wa pili, mzazi mwenye nia njema anayetaka kumpeleka mtoto kumsalimu nyanya yake, aombe ruhusa hiyo kwa maandishi, ataje siku ya kurudi, na arudi siku hiyo. Mambo mengi yanayoitwa kuiba mtoto yalianza kama ziara isiyokuwa na karatasi.

MSHAHARA WAKO

Mwisho, jambo linalohusu chama moja kwa moja. Imekuwa desturi mahali pengine mzazi mmoja kwenda ofisini kwa mwajiri kulalamika kwamba fulani halipi indezo, na karani kwa huruma anakata mshahara. Huruma ni nzuri, lakini mshahara haukatwi kwa sababu mtu amelia ofisini. Unakatwa kwa amri ya mahakama au kwa ridhaa ya mfanyakazi mwenyewe aliyotia sahihi. Mfanyakazi aliyekatwa bila lolote kati ya hayo mawili amwone mjumbe wake.

Lakini amri ikiwapo, mfanyakazi asije kwetu akiomba chama kimfichie mshahara au kimhamishie jina kwenye orodha ya vibarua ili mama wa watoto asimpate. Maombi hayo yapo, na chama hakitayapokea. Tutakachofanya ni kumsaidia kuhakiki hesabu: kiasi kilichokatwa ni kile kile cha kwenye hukumu, hakikukatwa mara mbili katika mwezi mmoja, na pesa iliyokatwa imemfikia mtoto. Wenye hukumu ambazo hawajasomewa, au ambazo siku zake haziendani na zamu zao, wazilete kwa wajumbe wao pamoja na ratiba ya kazi ya miezi miwili iliyopita.